Kuhusu Helikopta Iliyomponza Binti Yangu

Kwa Mwalimu wa Fasihi,

Mimi ndiye mama wa yule binti wa dawati la mbele, anayejibu kabla hujamaliza kuuliza. Kipaji hicho hakikutoka kwa baba yake. Mimi ni fundi cherehani. Sketi za nusu ya shule yako zimepita mikononi mwangu, kwa hiyo tunajuana kwa mishono hata kama hatujawahi kuongea. Natumaini u mzima, na macho hayajachoka kwa kusahihisha, ingawa hapo nina mashaka.

Nimeiona karatasi ya mtihani wa ile riwaya. Mwanangu kajaza kurasa tatu, mwandiko umenyooka kama mshono wa cherehani mpya, nawe umempa sifuri. Pembeni umeandika kwa wino mwekundu: "Helikopta imetoka wapi?" Imetoka kwenye filamu ya riwaya hiyo, mwalimu. Mimi ndiye niliyemwambia aache kujiumiza macho kwa kitabu, tukaitazama Jumapili nyumba nzima. Sasa nasikia kwa sifuri hiyo anatolewa kwenye timu ya mdahalo inayosafiri mwezi ujao, na mtaa wote nimeshautangazia safari. Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya:

1. Kitabu kina kurasa mia tatu na kumi. Filamu ni saa mbili, na ndani yake nilipinda sketi nne. Kitabu hakikuachii hata mkono mmoja. Mafundi wote wakisoma, watu watembee uchi?

2. Bi harusi anaikimbia ndoa kwa punda. Kwa punda, mwalimu, siku tatu, na kila kilima kinaelezwa. Helikopta ilimfikisha kabla chai yangu haijapoa. Hapo mwenye makosa ni nani, mwanangu au punda?

3. Kitabu hakina sura za watu. Nilifungua ukurasa mmoja tu, kwa ajili ya ushahidi, bwana harusi akanijia na sura ya shemeji yangu. Mtu mwenye sura ile siwezi kumwonea huruma. Wenye filamu walitafuta kijana wa maana, mabega yamejaa shati.

4. Kwa hiyo napendekeza maktaba iwekwe televisheni, na vitabu vipangwe chini ya madawati ya nyuma ili wafupi nao waone. Hapo ndipo vitakapowainua watoto, kama usemavyo kila mkutano wa wazazi.

Basi naomba sifuri hiyo ifutwe kabla ya Ijumaa, majina ya timu yanapobandikwa. Mwanangu kamtii mama yake, na utiifu nao una alama zake.

Nisalimie mwalimu mkuu, karani, mlinzi wa getini, na mwalimu wa hesabu, ambaye suruali yake iko tayari tangu wiki jana.

Mwenzako katika malezi,
Mama wa Dawati la Mbele

Nimesahau jambo: Usiifute kwanza. Ule ukurasa wa ushahidi umenivuta hadi wa mia mbili na arobaini, na sketi mbili zimeungulia kwenye pasi. Mwalimu, yule bibi anayemfungulia bi harusi zizi, kwenye filamu hayumo kabisa. Na punda alikuwa wa huyo bibi, mali yake pekee duniani. Helikopta ya nini? Nimelia mpaka nimemsamehe shemeji. Sifuri ni halali, ila ni yangu mimi. Mwanangu mpe mtihani mwingine Alhamisi. Aazime kitabu cha rafiki yake. Chake kiko kwenye droo ya cherehani, na ufunguo ninao mimi.