Kistari Mahali pa Nishani

Masieda, Mbulu
Jumanne, wiki ya pili ya likizo

Kwa Afisa wa Kumbukumbu za Askari wa Zamani,
Dirisha Namba Nne.

YAH: NISHANI YA VITA ISIYOONEKANA KWENYE KUMBUKUMBU ZA BABU YANGU

Shikamoo. Sijui umri wako, lakini nimeona heri nikuamkie bure kuliko kumkosea mtu mzima kwa maandishi.

Kabla ya malalamiko naomba kukiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Naogopa watu wanaokaa nyuma ya meza. Mtu huyohuyo nikikutana naye njiani namwamkia vizuri, na ninaweza hata kumwelekeza nyumbani kwa mwenyekiti wa kijiji. Akishakaa nyuma ya meza na kushika kalamu, ulimi wangu unagoma. Nasema hili mapema ili uelewe kwa nini nalalamika kwa barua. Kwa maandishi mimi ni mkali sana. Utaona.

Jina langu ni Violeth Sebastiani, nina miaka kumi na sita, nasoma kidato cha tatu. Nyumbani mimi ndiye msomaji na mwandishi wa barua zote, kwa sababu baba hana subira na bibi hana miwani. Babu yangu, Theodory Tluway, alitoka kwenye mgambo akaenda kupigana vita vya Kagera akiwa na miaka ishirini na moja. Alibeba masanduku ya risasi mgongoni. Alivuka mto ameshika kamba huku risasi zikipiga maji pande zote mbili. Alirudi na vidole tisa vya miguu, na hakurudi na nishani. Kwa miaka miwili sasa nimeandika barua saba kuhusu nishani hiyo na hatujapata jibu hata moja. Kwa hiyo naweka malalamiko yetu kwa namba, kama tulivyofundishwa.

1. Karatasi ya utumishi ya babu, aliyopewa siku ya kutoka jeshini, ina jina lake, namba yake, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, hata ukubwa wa kiatu, ambao ni namba nane. Penye neno "Nishani" pana kistari. Nimekipima kwa rula yangu ya hesabu. Ni milimita sita. Naomba ofisi yako inieleze inakuwaje karani apate nafasi ya kuuliza ukubwa wa kiatu cha mtu, halafu akose nafasi ya kumuuliza alivuka mto gani.

2. Jirani yetu, Mzee Modest Sulle, alikuwa kikosi kimoja na babu, na yeye anayo nishani. Ninyi hamwoni anavyoivaa, kwa sababu mko mjini. Anaivaa kwenye suti Jumapili, anaivaa kwenye sweta Jumatatu, na siku ya kuogesha ng'ombe aliivaa joshoni, juu ya koti la mvua. Baada ya misa husimama mlangoni na kumuuliza babu mbele ya watu: "Theodory, ya kwako umeiweka benki?" Watu wanacheka. Babu pia anacheka, kisha anatembea nyumbani peke yake kwa njia ya bondeni, ambayo ni ndefu.

Jambo lililoniumiza si kicheko. Zamani, tulipokuwa tukipukuchua mahindi, babu alikuwa akitusimulia habari za mto. Nilijua kila neno. Nilijua pale anapofika kwenye kamba atasimama, atafuta mikono kwenye suruali, ndipo aendelee. Tangu vijana wa kijiji waanze kusema labda hakwenda, labda alikuwa mpishi huko nyuma, hasimulii tena. Msimu huu tumepukuchua magunia kumi na moja tukisikiliza matangazo ya dawa ya mafua kwenye redio. Namtaka babu arudi kusimulia. Hayo mengine yote kwenye barua hii unaweza kuyapunguza, hili usilipunguze.

3. Kuna koti. Bibi Marieta alilichagua mnadani Dongobesh kwa ajili ya nishani, la kijivu, na upande wa kushoto ameshonea kitambaa cha pili kwa ndani ili uzito usilivute. Limetundikwa msumarini miaka miwili. Kuku ametagia mfukoni mara moja. Masika iliyopita babu alilazwa wiki tatu kwa kifua, na aliporudi bibi alilipiga vumbi lile koti akasema, bila kumtazama mtu, "Likisubiri sana, litavaliwa amelala." Baba akatoka nje kuangalia ng'ombe ambao alikuwa ametoka kuwaangalia.

4. Elimu yangu. Mwalimu Rogathe, anayetufundisha historia, aliuliza darasani nani ana ndugu aliyepigana vita vya Kagera. Sikunyoosha mkono. Nilikuwa na majina, tarehe, mto na kidole cha mguu, na sikunyoosha mkono. Rafiki yangu Loveness alinyoosha, akaeleza kuhusu mjomba wake ambaye ni mlinzi wa ghala la mbaazi Katesh, akapigiwa makofi. Ni kweli kwamba tangu darasa la kwanza sijawahi kunyoosha mkono kwa swali lolote, hata nilipoulizwa kama nipo. Hata hivyo kwa siku hiyo nailaumu ofisi yako. Kama kistari kile kisingekuwepo, naamini mkono ungenyanyuka wenyewe.

5. Bibi Marieta, alipojua kwamba naandika tena, aliweka mwiko chini akasema na yeye anadai nishani. Babu alipokuwa vitani, bibi alikuwa na mimba ya baba yangu. Alilima shamba zima kwa maksai wa kuazima, mmoja mgonjwa. Fisi alipoingia zizini alimfukuza kwa mwiko. "Babu yako alikuwa na bunduki na wenzake mia," alisema. "Mimi nilikuwa na mwiko na tumbo. Andika hivyo." Nimeandika hivyo. Nimefikiri nikaona hoja yake ina nguvu kuliko ya babu, na kama nishani ni chache, aanze bibi.

6. Wakati ofisi yako inatafuta nishani ya babu, naomba itolewe amri ya muda kwamba Mzee Modest Sulle avae ya kwake ndani ya sweta. Jumapili anaweza kuifunua mara moja, wakati wa sadaka. Joshoni isivaliwe kabisa.

7. Kwa sababu ya ukimya wa miaka miwili, naomba uje mwenyewe Masieda, siku ya misa, uombe radhi mlangoni pa kanisa. Uanze kwa kumwamkia bibi. Meza tutakutafutia, lakini naomba usiketi nyuma yake, kwa sababu niliyoitaja mwanzoni.

8. Mwisho, na hili naliandika nikiwa nimeinamisha kichwa, naona na mimi nimestahili kitu. Barua saba si mchezo. Ya tatu niliiandika mara nne kwa sababu ya neno "tafadhali", ambalo nilihisi limezidi. Wiki ya barua ya tano nilipata alama thelathini na moja za hesabu. Sidai nishani kubwa. Hata ya bati inatosha, na sitaivaa hadharani, nitaiangalia tu.

Nikijumlisha, tunaidai ofisi yako maelezo ya milimita sita, nishani tatu, amri moja na ugeni mmoja. Nimejaribu kuandika kwa heshima. Pale heshima ilipopungua, chukulia ni uchovu wa kungoja.

Bibi Marieta anakusalimu na anauliza kama kwenu mvua zimeanza. Baba anakusalimu pia, ingawa hajui kwamba naandika. Wasalimie wa Dirisha Namba Tatu na Namba Tano, na mlinzi wa getini, ambaye ana sauti ya upole.

Ni mimi, ninayengoja jibu lako,
Violeth Sebastiani Tluway
kwa niaba ya Theodory Tluway, kiatu namba nane.

Nyongeza (Alhamisi).

Naomba usisome nilivyoandika hapo juu kabla ya kusoma hapa.

Zile barua saba hazijafika kwako kwa sababu ziko kwenye sanduku langu la bati, chini ya sketi ya shule. Babu alinipa zote nizilete mwenyewe, maana posta haiamini. Mara sita niliishia getini. Mara ya saba nilipanga foleni mpaka dirishani. Huenda unanikumbuka. Uliniuliza, "Ndiyo binti, nikusaidie nini?" Nilikuwa nimeshika bahasha. Nikasema, "Samahani, naulizia choo." Ulinielekeza vizuri sana, hata ukasimama kunionyesha mlango. Nilikwenda chooni, nikakaa huko muda unaofaa, nikarudi nyumbani. Babu aliponiuliza nilisema, "Bado, babu." Akasema serikali ina watu wengi. Amesema hivyo kwa miaka miwili bila kukasirika. Ukimya ninaoulalamikia ni wangu.

Leo tulikuwa tunachambua maharage, babu, bibi na mimi, na nikamwambia. Sikumwambia kwa ujasiri. Nilimpa sanduku likiwa wazi.

Alizitoa barua moja moja akazihesabu. Nilidhani atanifukuza. Akachambua maharage mpaka ungo ukajaa, kisha akasema, "Hata mimi waliniita."

"Wapi, babu?"

"Gwaride. Siku ya kutoka jeshini. Waliita Theodory Tluway, nishani, hatua ishirini mbele. Watu wamejaa, bendi inapiga. Nikaona ni mbali."

Bibi aliacha kuchambua. "Mbali? Wewe uliyetoka Kagera kwa miguu?"

"Kule hakuna aliyekuwa ananiangalia," babu alisema. "Wakaita mara ya pili. Nilikuwa nyuma ya Modest. Akanivuta mkono, twende, nikautoa. Nikasema moyoni, wakiita mara ya tatu natoka. Wakaita mtu mwingine."

"Na mimi unaniambia karani alikosea. Tangu Sebastiani yuko tumboni mpaka leo ana mvi, karani, karani."

"Karani hakukosea, Marieta."

Bibi alitutazama, yeye kisha mimi, mimi kisha yeye, kama anayelinganisha ndama na mama yake sokoni. "Miaka yote najiuliza huyu mtoto amerithi kwa nani," alisema. "Kesho mnakwenda wote wawili. Mkirudi hamjasema na mtu, ugali hamna."

Nilimuuliza babu kwa nini Mzee Modest anamwuliza mlangoni pa kanisa kila Jumapili, ikiwa anajua. Babu alichukua punje mbovu akaitupa kwa kuku. "Anataka niseme mwenyewe," alisema. "Bado ananivuta mkono."

Kwa hiyo, Afisa, naondoa lalamiko la kwanza. Kile kistari si kosa la mtu. Ni babu yangu amesimama nyuma ya Mzee Modest. Naondoa la nne, kwa sababu mkono usingenyanyuka. Naondoa la sita kwa aibu. Mzee Modest avae nishani yake popote, hata kwenye koti la mvua. La saba na la nane naomba uyachane. La tano bibi amekataa liondolewe. La pili na la tatu nayaacha kama yalivyo, maana babu bado hajasimulia habari za mto, na koti bado liko msumarini.

Nyongeza ya pili (Ijumaa, kwenye benchi mbele ya dirisha lako).

Tumefika asubuhi kwa basi la kwanza. Koti halipo msumarini, amelivaa. Kabla ya kupanda basi alimpitia Mzee Modest, wakasimama shambani wakazungumza kidogo, nami nikakaa mbali. Mzee Modest alimfunga babu vifungo vya koti mpaka juu, kisha akavua nishani yake akaitia mfukoni mwake mwenyewe. Alisema ataivaa tena siku watakapoivaa wawili.

Mlinzi ametupa namba kumi na tisa. Babu ameniuliza mara mbili choo kiko wapi. Nimemwambia sijui.

Nimezifunga zile barua saba pamoja kwa uzi, na hii ya nane nitaichomeka nikimaliza. Karatasi yenye kistari iko juu. Tumekubaliana kwamba mimi nitasema jina lake na yeye atasema mengine. Nimemshika mkono, na mpaka sasa hajautoa.

Umeita kumi na nane. Nafunika kalamu.