Kofi la Fundi Agustino

Jumatatu, 7 Juni 1999
Mwalimu mkuu katangaza: keshokutwa anapanda huku Mgeta Bi Devotha kutoka mjini, na kompyuta na jenereta. Atawapima watoto wa la saba wanaelewa nini. Atakayeshinda atasomea kompyuta mjini wiki mbili. Mjukuu wangu Prisca anaitaka nafasi hiyo mpaka kalala bila kula. Ya nini? Babu yake nimefungua redio za kijiji kizima. Kompyuta ni redio yenye kioo.

Jumanne, 8 Juni
Nimemfundisha Prisca. Ikigoma, anika betri juani. Ikigoma tena, kofi ubavuni. Kauliza, je Babu, kama haina betri? Maswali mengi, mtoto huyu! Jirani Thobias kapita na tenga la kabichi, kasema namharibia mtoto nafasi yake. Wivu! Redio yake nani aliifufua? Ikaishi siku nne nzima.

Jumatano, 9 Juni
Zamu ya Prisca darasani, na mashine naiona inachelewa. Mimi dirishani, namwonyesha kofi kwa mkono. Akageuza uso. Nikaingia mwenyewe. Nikamwambia Bi Devotha mtoto kasahau, nikaitandika ile mashine ubavuni. Kioo kikawa cheusi.
Bi Devotha akasema taratibu, mzee wangu, naomba ukae. Nikakaa. Nimemmalizia mtoto safari yake.
Prisca hakulia. Akasikiliza jenereta nje, akasema umeme upo. Akafuata waya kwa kidole mpaka nyuma, akakuta umechomoka. Akauchomeka, akabonyeza. Kikawaka.
Njiani, penye utelezi, kanishika mkono. Nikavitazama vile vidole. Sikuvifundisha mimi. Nani kavifundisha?

Jumamosi, 12 Juni
Kashinda! Bi Devotha kasema ni yeye peke yake aliyetafuta sababu kabla ya kugusa kitu. Thobias kaja kumpongeza. Kampongeza Prisca! Mimi kanipita kama nguzo.

Jumatatu, 14 Juni
Prisca kaondoka na lori la kabichi alfajiri. Nyumba kubwa ghafla. Wakati wa kuaga kasema, Babu, siku nyingine anza na waya. Nikaitikia, asiondoke na huzuni.
Nimewaza kutwa. Haki isemwe: bila kofi langu waya usingechomoka, na mtoto angeonyesha nini? Nimepigilia kibao mlangoni: AGUSTINO, FUNDI REDIO NA KOMPYUTA. Mteja wa kwanza Thobias, redio imekufa tena. Hana fundi mwingine.
Betri zake ziko juani. Kofi jioni.