Kiti Kimoja Kwenye Bodi

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wa macho kajiuzulu kwenye bodi ya chama chetu cha madaktari. Kiti kiko wazi, uchaguzi ni Jumamosi kwenye mkutano mkuu. Miaka kumi na tisa nimepitia kamati sita, ikiwemo ya viti na vipaza sauti. Bodi haijawahi kuniona. Itaniona sasa.

Silaha ninayo. Mimi ni daktari wa masikio, na ni katibu wa Kamati ya Miongozo. Mezani kwangu, kwa mwezi wa kumi na nne, umelala mwongozo wa kutibu masikio ya watoto yanayotoka usaha. Kauandika daktari wa watoto wa hospitali ya wilaya. Kurasa nane, hauna kasoro. Hiyo ndiyo shida yake: kamati itaonekanaje imefanya kazi? Nitaukalia mpaka Jumamosi, kisha niuwasilishe mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Daktari wa watoto kapiga simu. Sauti ya upole, na watu wapole hunichosha. Kauliza mwongozo umefika wapi. Nikamwambia uko hatua ya uhariri.

"Daktari," akasema, "mwaka huu nimeshapokea watoto wanne waliopungukiwa usikivu. Dawa zipo. Watu wa zahanati hawajui waanze na ipi, na lini watuletee mtoto. Wanasubiri karatasi yenu."

Nikamwambia inaniuma sana, ila taratibu ni taratibu. Nilipokata simu nikahamisha mkato mmoja ukurasa wa tatu. Sasa uhariri umeanza kweli.

Nikamsimulia mke wangu, ambaye ni mkunga. Akauliza kama na mama mwenye uchungu anaweza kuwekwa kwenye hatua ya uhariri. Hajui mambo ya taasisi.

Jumatano, 5 Machi

Habari mbaya. Mifupa naye anakitaka kiti. Tunamwita hivyo kwa sababu ndiyo kazi yake, na kwa sababu akikupa mkono unahesabu vidole. Tuko kamati moja, na kamati inapendekeza mgombea mmoja tu.

Nimeitisha kikao cha dharura kesho saa nane mchana, muda ambao Mifupa yuko chumba cha upasuaji. Katiba inataka tangazo libandikwe kwenye mlango wa ofisi. Haisemi upande gani. Nimelibandika kwa ndani.

Alhamisi, 6 Machi

Akidi ni watu watatu. Tulikuwa wawili: mimi na mwenyekiti, daktari mstaafu aliyesinzia tukiwa bado kwenye kuthibitisha ajenda. Hata hivyo nikaanza kujipendekeza kwa maandishi.

Mlango ukafunguliwa. Mifupa, na nguo za upasuaji. Mgonjwa wake alikuwa amekunywa chai asubuhi, operesheni ikaahirishwa, akapita ofisini kuchukua barua akakuta tangazo. Akanishukuru kwa kuitisha kikao. Kwa kuja kwake akidi ikatimia, na kwa akidi hiyo akapendekezwa yeye. Mwenyekiti aliamka akakuta mkono umenyooshwa, naye akanyoosha wake. Kura mbili kwa moja.

Bado kuna kipengele cha kumi na saba: mwanachama yeyote anaweza kupendekezwa papo hapo ukumbini. Papo hapo ninapaweza.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeandika hotuba ya kuwasilisha mwongozo. Kurasa kumi na moja. Mwongozo wenyewe ni nane, lakini wenyewe haugombei.

Daktari wa watoto kaandika ujumbe kuuliza kama umo kwenye ajenda. Nikamjibu umo, chini ya Mengineyo. Hakujibu. Nikajua kaelewa.

Mke wangu kasoma hotuba akipiga pasi. Akasema watoto wanaonekana ukurasa wa tisa. Nimewasogeza hadi wa nane. Ukosoaji naupokea.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi nzima ilikuwa ripoti za kamati, zote kumi na nne. Mifupa akapendekeza iundwe kamati ya kupunguza kamati. Wakabishana dakika arobaini kama nayo ihesabiwe.

Kabla ya Mengineyo daktari wa watoto akasimama. Mfupi, amevaa viatu vya kazini. Akasema alikabidhi mwongozo Januari mwaka jana, amekuja na nakala za kutosha, anaomba tuusome sasa hivi. Nikasema kwa sauti kwamba si utaratibu. Hakuna aliyegeuka. Walikuwa wameshaanza kusoma.

Zikasikika kurasa tu. Sijawahi kusikia chama hiki kikisoma. Kisha mmoja akauliza ulikuwa wapi muda wote huo, na mwenyekiti wa kamati yangu, aliyekuwa macho kwa mkosi wangu, akasema, "Kwa katibu."

Nikaeleza kuhusu mkato. Nikaona bora ningenyamaza.

Mwongozo ukapita kwa mikono yote, hata wa Mifupa. Halafu mtu akataja kipengele cha kumi na saba, akampendekeza daktari wa watoto. Nami nikajipendekeza. Kura mia na sita. Mifupa ishirini na tisa. Mimi mbili. Moja ni yangu. Ya pili naichunguza.

Daktari wa watoto akanifuata mlangoni. Nilitegemea kejeli, hotuba ya kumjibu ninayo. Akasema tu, "Yule mtoto wa nne yuko darasa la pili. Anakaa dawati la mbele na bado hamsikii mwalimu. Njoo umwone. Wewe ndiye wa masikio."

Kitu kikanikaba kooni. Nimejichunguza kwa kioo na taa. Koo halina tatizo.

Jumapili, 9 Machi

Nimeiandikia bodi barua. Napendekeza kamati ya kuchunguza jinsi mwongozo ulivyopitishwa bila kupitia hatua. Nimejitolea ukatibu.

Mke wangu kauliza yule mtoto nitamwona lini. Nikamwambia nimemweka kwenye Yatokanayo. Akachukua simu yangu, akampigia daktari wa watoto, wakapanga Jumanne saa mbili asubuhi, kisha akanirudishia simu. Nitaenda. Nitaenda na mpiga picha.

Jambo moja zaidi. Mjumbe mmoja wa bodi alikuwa anakohoa vibaya jana, kikohozi kikavu. Leo nimempigia mara tatu kumjulia hali. Anaendelea vizuri, kwa bahati mbaya.