Dereva wa Basi la Kisumu

Jumatatu, 6 Juni 1955

Leo nimekuwa dereva. Sijawahi kushika usukani, lakini hilo ni jambo dogo.

Bwana Ridley, mwalimu wa hesabu hapa chuo cha ualimu, ameleta Ford kuukuu na kuanzisha chama cha mbio za magari. Atakayezunguka uwanja kwa kasi zaidi Jumamosi atapelekwa Kitale kushindana na vyuo vingine. Akauliza nani anajua kuendesha. Khisa, tunayelala naye chumba kimoja, akainua mkono. Ameendesha lori la mahindi la mjomba wake. Jepkosgei wa upande wa wasichana akageuka kumtazama. Kumtazama! Mimi nimeimba kwaya mwaka mzima kwa ajili yake, hajageuza hata sikio.

Basi na mimi nikainua mkono. Nikasema nimeendesha trekta, lori na basi. Bwana Ridley akauliza basi la wapi. Nikasema la Kisumu. Kwa nini Kisumu? Nimefika huko mara moja tu, na nilitapika njia nzima.

Jumanne, 7 Juni

Mazoezi. Nimeazima kifuniko cha sufuria jikoni, nikakaa kitandani nikikizungusha, miguu ikikanyaga viatu: klachi, breki, mafuta. Naendelea vizuri sana. Nilikuwa nimeshapita Nakuru bila ajali Mama Nasambu, mpishi, alipoingia.

"Elphas, shuka kwenye gari. Maharagwe yangu yanapoa."

Jioni nikakutana na Jepkosgei. Anasema wazazi wamealikwa Jumamosi, na baba yake, Mzee Kipyego, atatoka Sugoi kuja kutazama. Mzee hapendi vijana wa maneno matupu. Anapenda mtu wa vitendo. Nikamwambia basi atanipenda mimi. Krismasi nataka kwenda kwao kujitambulisha. Kila kitu kiko kwenye Ford ile.

Alhamisi, 9 Juni

Nimeona Khisa akijaribu gari. Anaendesha kama aliyezaliwa ndani yake. Nimekwisha.

Lakini akili ni mali! Nikaenda kwa Bwana Ridley, kwa huzuni, kama rafiki mwema. Nikamwambia macho ya Khisa ni mabovu, jana alisalimia koti lililoanikwa kwenye kamba. Uongo mtupu. Bwana Ridley akashtuka, akampeleka hospitali mjini papo hapo. Daktari asiporidhika, Khisa hagusi usukani.

Nimekula sahani mbili.

Ijumaa, 10 Juni

Macho ya Khisa ni mabovu kweli!

Amerudi na miwani. Akanishika mikono yote miwili, karibu alie. Anasema hakujua kwamba majani ya mti huonekana moja moja. Miaka yote alidhani walimu wanaandika ubaoni kwa chaki hafifu. Anamwambia kila anayekutana naye kwamba ni mimi niliyemwokoa. Daktari amemruhusu kuendesha. Na miwani imemfanya aonekane kama mkaguzi wa shule. Jepkosgei ameomba kuijaribu. Imempendeza. Sikumaliza hata sahani moja.

Kwa shukrani, Khisa alitaka kunifundisha gia za Ford ile jioni, maana anasema ni za ajabu kidogo. Nikamjibu kwamba dereva wa basi la Kisumu hafundishwi gia.

Jumamosi, 11 Juni

Heri nisingezaliwa.

Mvua ilikuwa imenyesha, uwanja ni tope. Wazazi walijaa. Mzee Kipyego alikaa mbele na kofia yake na fimbo. Khisa akatangulia, akazunguka safi kabisa, makofi. Kisha mimi. Nikampungia mkono Jepkosgei. Nikaingiza gia. Nikakanyaga.

Gari likaenda nyuma.

Watu wakacheka. Halafu wakaacha kucheka, wakakimbia. Nikakanyaga breki. Haikuwa breki. Nyuma ya uwanja liko josho la ng'ombe wa chuo. Ford ikaliingia kwa makalio na kukwama, pua ikitazama mbinguni. Nikafungua mlango nishuke kwa heshima, nikatumbukia kwenye dawa ya kupe mpaka kifuani.

Bwana Ridley akaanza kuhesabu magurudumu. Angalau angenitukana. Mzee Kipyego akaja mpaka ukingoni, akaegemea fimbo.

"Kijana, wewe ndiye wa basi la Kisumu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Haya. Kupe hawatakusumbua tena."

Jepkosgei hakucheka. Alijifunika uso kwa kitambaa. Afadhali angecheka.

Jumapili, 12 Juni

Nimeoga mara tatu, bado nanuka josho. Kanisani benchi zima lilikuwa langu. Mahubiri yalihusu majivuno. Nikageuka kutazama anaambiwa nani.

Gari limevutwa na maksai. Injini imekufa. Hakuna Kitale kwa mtu yeyote. Nimefukuzwa chamani, ingawa chama chenyewe sasa hakina gari, kwa hiyo sioni kilichobaki cha kufukuziwa.

Khisa peke yake alikuja kukaa nami. Hakulalamika hata kidogo juu ya Kitale. Akasema gari ni chuma tu, rafiki ni mtu. Nilitaka kumwambia habari ya lile koti. Nikafungua mdomo. Ndipo akaniambia Mzee Kipyego amemwalika Sugoi wakati wa likizo. Nikafunga mdomo.

Jumatano, 15 Juni

Siku tatu nimeshinda na vitabu. Nimekuwa mtu mwingine, mnyenyekevu, wa kusoma na kunyamaza.

Asubuhi hii mkuu wa chuo ametangaza maonyesho ya kilimo. Chuo kitaongoza gwaride, na anatakiwa mwanafunzi mmoja wa kutangulia mbele juu ya farasi. Akauliza nani amewahi kupanda. Hakuna mkono ulioinuka. Khisa akasema hajawahi, akatulia, mtu asiye na tamaa ya maendeleo. Jepkosgei alikuwa ameketi karibu na dirisha.

Nikafikiri: farasi ni nini? Ni punda tu aliyekwenda shule.

Nimesema baba yangu alifuga kumi na wawili. Baba ana kuku. Bwana Ridley aliinamisha kichwa mezani, labda anaumwa. Mkuu amefurahi sana, ameandika jina langu kwa mkono wake mwenyewe.

Kesho nitamuuliza mtu, hivi hivi tu, kama kwa mazungumzo, farasi hupandwa kutoka upande gani.