Kochi Lililopelekwa Maabara

Haya niliyasikia kwa jirani yangu, fundi cherehani wa nyumba ya pili, mwaka ule zahanati ilipokuwa inapakwa chokaa na sisi wenye presha tukawekwa nje kwenye benchi. Foleni ilikuwa ndefu, naye si mtu wa haraka. Nimeyapanga kama alivyoyapanga yeye. Kama nimeongeza chumvi ni kidogo tu, maana daktari ametukataza.

Basi palikuwa na mtu mjini akiitwa Msasa. Jina hilo lilitokana na ulimi wake: ubao wowote wenye vibanzi, akiupitia kwa maneno mara mbili, unaweza kuukalia. Kazi ya kudumu hakuwa nayo. Aliwahi kuuza viwanja vilivyoonekana wakati wa kiangazi tu, na aliwahi kuuza dawa ya kuotesha nywele huku yeye mwenyewe ana kipara. Watu waliinunua. Walisema mtu anayewatanguliza wengine kabla ya kichwa chake ni mwaminifu.

Asubuhi moja alikuwa anamkwepa mteja mmoja wa dawa hiyo, akaingia mlango wa kwanza aliouona wazi. Ulikuwa wa makumbusho. Akapita vyumba viwili vya vyungu na mikuki, akatokea uani, na huko akakuta wazee wawili wanabishana mbele ya kitu kama ndege iliyodumaa.

Kilikuwa kisanduku cha mbao, kina mbawa fupi na mkia mfupi, kimekalia mivukuto ya ngozi. Zamani vijana waliosomea urubani walifungiwa humo, kifuniko juu, wasione kitu ila saa za ndege, zile za kupimia mwendo na kimo, mbele yao. Mivukuto ilikiinamisha na kukizungusha, nao wakajifunza kuruka bila kuacha sakafu. Sasa kilikuwa cha kijivu kama ndoo kuukuu.

"Ilikuwa ya buluu," alisema mzee wa kwanza.

"Ya manjano," akasema wa pili. "Ungewahi kuikalia ungejua."

"Wewe uliikalia lini? Wewe ulikuwa unafagia hapo."

"Nilifagia nyayo zako ulipofeli."

Katikati yao alisimama mama mkuu wa makumbusho, faili mkono mmoja, paji la uso mkono mwingine. "Wazee wangu, nihurumieni. Wafadhili wanakuja baada ya wiki tatu, Jumamosi. Sharti lao ni moja, irudi katika rangi yake halisi. Nikibahatisha, inarudi stoo, na stoo ina mchwa."

Msasa alisikia maneno mawili tu, wafadhili na halisi. Akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu aliyesoma.

"Rangi haipotei, mama," alisema. "Hujificha. Mimi kazi yangu ni kuzitafuta."

"Wewe ni nani?"

"Mtaalamu wa rangi za kale. Nilikuwa napita."

Mama mkuu alikuwa ametafuta mtaalamu miezi minane. Aliyekuja kwa miguu yake mwenyewe hakumwuliza cheti, alimpa chumba nyuma ya ua na ufunguo wake.

Sasa niwaeleze wazee hao. Walikuwa mashemeji. Wa buluu alimwoa dada wa yule wa manjano, na dada huyo ndiye jirani yangu, fundi cherehani. Wote wawili walisomea urubani katika shule iliyokuwa na kisanduku hicho, ila si mwaka mmoja. Siku moja, wakinywa chai, mmoja akataja rangi. Mwingine akasema aliyekosea rangi hakuwahi kuingia humo, na asiyewahi kuingia humo ameidanganya familia nzima. Tangu siku hiyo, miaka thelathini na moja, hawakula pamoja. Waliishi ua mmoja, milango ikitazamana, na fundi cherehani akapika sufuria mbili za chakula kilekile, moja ya mume, moja ya kaka. Mtaani waliitwa Mzee Buluu na Mzee Manjano. Alipojaribu kuwapatanisha, mume alimwambia anamtetea kaka yake, na kaka akamwambia ameolewa mpaka akili.

Msasa alizipata habari hizi kwa mlinzi wa makumbusho, kwa bei ya sigara moja. Usiku huo hakulala kwa furaha. Akajitafutia koti jeupe la mtumba, lililokuwa la muuza nyama, akalifua mara tatu, akachukua na kioo cha kukuzia maandishi. Kesho yake akabisha kwa Mzee Buluu.

"Mzee, nimepima. Naiona buluu."

"Si nilisema."

"Lakini kuona si kuthibitisha. Lazima ipite maabara, na maabara hula."

"Hula nini?"

"Haichagui. Hata baiskeli."

Akaondoka akiendesha. Jioni akabisha mlango wa pili, huku baiskeli ameiegesha nyuma ya ukuta.

"Mzee wangu, nimekuja kwa uchungu. Kuna mtu amenipa baiskeli niandike buluu."

Mzee Manjano akasimama. "Umeirudisha?"

"Nimeizuia kama ushahidi. Lakini haki nayo ina gharama zake."

Ikatoka saa ya ukutani, ile kubwa inayogonga. Baada ya siku mbili Mzee Buluu akanong'onezwa kwamba upande wa pili umepeleka saa, akatoa redio. Kwa redio kukajibiwa jiko la gesi. Kwa jiko, kochi la watu watatu. Kila mmoja aliambiwa ni siri ya kitaalamu, na siri ilitunzwa vizuri sana, kwa sababu waliotakiwa kuambiana walikuwa hawasemeshani ila kwa kubishana rangi.

Utauliza, fundi cherehani alikuwa wapi? Alikuwa kwa binti yake aliyejifungua. Alirudi Jumatatu ya wiki ya mwisho, mkwewe akimleta kwa pikapu, akamkuta mumewe amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, anasoma gazeti kwa heshima zote.

"Baba, kochi liko wapi?"

"Liko maabara."

"Linaumwa nini?"

Mzee Buluu akafungua ukurasa mwingine. "Mambo ya kitaalamu, mke wangu. Hutaelewa."

Akavuka ua kwa kaka yake, akamkuta ametoa kichwa dirishani anakadiria jua.

"Kaka, saa ngapi?"

"Saa imekwenda kutetea haki."

"Na jiko?"

"Limeisindikiza."

Hakugomba. Mwanamke aliyefumua na kushona magauni ya watu miaka arobaini anajua kwamba uzi ukivutwa kwa hasira unakatika. Alijifunga kitambaa, akatia wembe wake wa kufumulia mkobani, akaenda makumbusho kama mtu anayetaka kutazama vyungu.

Alimkuta Msasa nyuma ya ua, mlango wazi. Amekaa juu ya kochi lake, anakunywa chai iliyochemshwa kwenye jiko la kaka yake, redio ya mumewe inaimba. Hawakuwahi kuonana.

"Karibu mama, keti," akasema Msasa. "Kochi zuri hili."

"Naliona. Mkono wa kushoto pamechimbika kidogo."

"Una macho makali. Hata mwenyewe hakujua."

"Alijua," akasema fundi cherehani, akaketi.

Msasa akamwonyesha ndege ya mazoezi. Alikuwa ameining'inizia utepe wa kupimia na kipimajoto kimoja, basi. Hakuwa ameikwangua hata upana wa ukucha. Mama mkuu alipomwita ofisini aje aeleze maendeleo, fundi cherehani alibaki peke yake. Akainama chini ya kiti cha rubani, akatoa wembe, akaanza kufumua rangi kama anavyofumua pindo, polepole, duara ndogo kama kifungo.

Kwanza kijivu kikatoka. Chini yake ikatokea buluu. Akapunguza mkono, akakwangua katikati ya ile buluu, na chini yake ikatokea manjano. Chini ya manjano, mbao tupu.

Akakaa sakafuni, akajiziba mdomo kwa kitambaa mabega yakitikisika. Wote walikuwa wamesema kweli. Kaka yake alisoma kwanza, ndege ikiwa ya manjano. Ikapakwa upya, akaja mumewe. Na yeye amepika sufuria mbili miaka thelathini na moja kwa ajili ya kopo moja la rangi.

Lakini kwenda nyumbani kuwaambia kungesaidia nini? Wangemwambia hutaelewa. Walioweza kuaminiwa na wazee wale ni wataalamu tu, na mtaalamu walikuwa naye mmoja, wamemlipa mpaka makochi. Kwa hiyo ukweli ulihitaji kutoka kinywani mwa mwongo, tena hadharani. Na Msasa, mtu yeyote mwenye akili angejua, alipanga kutoweka Ijumaa.

Msasa aliporudi kutoka ofisini alimkuta mama huyo anamngojea.

"Kijana, mimi nimekuelewa," alisema fundi cherehani. "Umeuza rangi mbili na ndege ni moja."

Msasa akatafuta maneno, akapata chai, akainywa.

"Usihangaike, sikuja kukushtaki. Ila nakuhurumia. Utabebaje vitu hivi vyote? Kochi utalipandisha baiskeli?"

Hilo lilikuwa limemnyima usingizi kweli. "Mama una njia?"

"Kuna dereva wa pikapu namfahamu. Jumamosi asubuhi ana nafasi, kabla ya hapo hana."

"Jumamosi ndiyo sherehe."

"Ndiyo. Watu wote watakuwa mbele. Vitu vitapakiwa nyuma. Wewe utasimama dakika tano, utasema wote wawili wana haki, utawaonyesha kwa macho, kisha utatoka mlango wa uani. Hakuna atakayekufuata. Nani anamkimbiza mtu aliyempa ushindi?"

Msasa akaangalia duara ile chini ya kiti. Alikuwa mjanja wa miaka mingi, lakini hajawahi kupata ulaghai ambao ndani yake hamna uongo. Ulimtia kizunguzungu.

"Na wewe unataka nini?"

"Kochi."

"Hapana mama. Kochi hili ni mbao ngumu."

"Mkono umechimbika."

"Ndiyo maana nakupa redio."

Walivutana mpaka jua likazama, mwenye kochi akiomba na mwizi wake akikataa. Mwisho fundi cherehani akaridhika na redio, akasikitika inavyopaswa, akaiacha hapohapo ipakiwe na vingine.

Alhamisi na Ijumaa Msasa alikwangua. Mtu ambaye hajawahi kukwangua hata ukoko alipiga magoti akikwangua ubavu wa kushoto mpaka buluu, ubavu wa kulia mpaka manjano, na fundi cherehani amesimama nyuma yake.

"Polepole. Hufumui gunia hapo."

"Mama, mgongo."

"Mgongo utapona. Ukivuka buluu, mzee mmoja ameharibikiwa na maisha yake."

Na ajabu, Ijumaa alasiri namba ndogo nyeupe ilipoanza kujitokeza juu ya buluu, Msasa alisahau kulalamika. Alisema, "Njoo uone," kisha akaona aibu.

Jumamosi wafadhili walikuja, na wanafunzi wa shule mbili, na wazee wawili kila mmoja amechagua ukuta wake. Msasa alisimama ndani ya koti la muuza nyama. Alisema mambo mengi ya kupendeza, maana hakuweza kujizuia, ila mwishoni akafika.

"Mbao hii ilivaa manjano. Ilipochakaa ikavishwa buluu. Aliyeikumbuka ya manjano aliketi humu. Aliyeikumbuka ya buluu aliketi humu. Aliyesema mwenzake anafagia, hilo rangi haikuniambia."

Watu wakacheka, kisha wakapisha njia, kwa sababu wazee walikuwa wamesogea. Mmoja akaweka kiganja kushoto, mwingine kulia.

"Shemeji," alisema Mzee Buluu.

"Shemeji."

"Kumbe uliketi humu."

"Kabla yako."

"Ndiyo maana nilikuta kiti kimebonyea."

"Nilikupashia moto."

Wakati huo Msasa alikuwa ameshafika mlango wa uani. Pikapu haikuwepo. Chumba kilikuwa kitupu, hata mkoba wa Msasa mwenyewe umekwenda.

"Imeondoka," alisema mlinzi. "Yule mama amekwenda nayo. Amesema wewe unabaki, mkia bado haujakwanguliwa. Amekuachia hii."

Akampa wembe, umefungwa vizuri kwenye kipande cha kanga kuukuu.

Kabla hajapata njia ya kupita, mama mkuu akamshika mkono huku anatokwa na machozi. Wafadhili walitaka mbawa na mkia vifanywe vivyo hivyo, na mtaalamu akae hapohapo, kwa mshahara, mpaka amalize. Neno mshahara lilimpiga Msasa kama maji ya baridi. Hajawahi kulisikia likielekezwa kwake. Akatafuta pa kujificha, akaingia ndani ya kisanduku. Lilikuwa kosa. Wazee walimwona.

"Mtaalamu anataka kujifunza," akasema Mzee Manjano, akafunga kifuniko.

Mlinzi akawasha mivukuto.

"Vuta usukani," akaagiza Mzee Buluu kutoka nje.

"Usivute. Sukuma."

"Shemeji, ukisukuma ataanguka."

"Ataanguka wapi, yuko sakafuni."

Msasa alizungushwa mpaka makumbusho yakakaribia kufungwa. Sauti ilikoma ndani. Walipofungua walimkuta amelala fofofo, kipara kimeegemea saa za ndege. Mlinzi akasema mwacheni, mbona hata chumbani hana godoro.

Mashemeji walirudi kwa miguu, pamoja, wakibishana namna ya kutua. Wakakuta kochi mahali pake, baiskeli ukutani, redio mezani. Mkwe alikuwa hajui cha nani ni kipi, akashusha vyote nyumba moja, na saa ya Mzee Manjano akaitundika ukutani kwa shemeji yake.

"Unaona," Mzee Buluu akamwambia mkewe. "Maabara wamerudisha. Nilikwambia ni watu waaminifu."

"Ulinambia," akasema fundi cherehani.

Alipika sufuria moja. Ilikuwa ndogo, akalazimika kupika mara mbili, lakini sufuria ilikuwa moja. Walikula jua likiwa bado mlangoni. Mzee Manjano akasinzia upande wa kushoto wa kochi, pale palipochimbika. Mzee Buluu akasinzia upande wa kulia, kinywa wazi. Jirani yangu alijibana katikati yao, akavua kitambaa, akanyoosha miguu. Saa ya kaka yake ikaanza kugonga kwenye ukuta usio wake. Alihesabu moja, mbili, tatu. Ya nne hakuisikia.