Nyumba Isiyounganishwa na Ardhi

Tangazo lilisomwa kwa kipaza sauti kuanzia stendi ya Ifakara hadi Katindiuka, na gari likarudia njia ileile mara mbili ili hata viziwi wasipate kisingizio: kuanzia sasa, umeme wa majumbani katika bonde zima la Kilombero utakuwa wa kisasa, salama, na wa Kiswahili.

Hilo la Kiswahili lilikuwa wazo la Bwana Remigius mwenyewe, Mkuu wa Ofisi ya Ulinganifu wa Umeme Majumbani. Mwongozo mpya ulikuja kwa Kiingereza, naye akaufasiri peke yake kwa wiki mbili, kwa kamusi na chai ya rangi. Aliamini kwamba mwananchi akipigwa na umeme, basi apigwe kwa lugha anayoielewa.

Vifungu vilikuwa arobaini na kimoja. Alichokipenda zaidi ni cha saba: "Nyumba inayopandishwa umeme kutoka njia moja kwenda njia tatu sharti iwe imeunganishwa na ardhi." Alikisoma kwa sauti, akakirudia, akaona bado kinadai kitu. Akachukua kalamu nyekundu akaongeza: "Uthibitisho utolewe na ofisi ya Ardhi." Sasa kikakaa kama kifungu.

Mwombaji wa kwanza alikuwa Mama Digna, muuza samaki, ambaye nyumba yake iko nyuma tu ya ofisi hiyo. Waya za nyumba ile zilikuwa za zamani, umeme wa njia moja, usiobeba mzigo mkubwa, na friza zake mbili zikiwashwa pamoja, breka inaanguka pu! Na Mama Digna alikuwa ameahidi kupeleka samaki shule ya bweni ya masista Jumatano ya Majivu na kila Ijumaa ya Kwaresima, samaki wabichi kutoka Mofu. Kufika Majivu zilibaki wiki tatu. Umeme usipopanda, samaki wanaoza. Samaki wakioza, masista wanatafuta mwingine. Hayo yote aliyaeleza. Bwana Remigius aliyasikiliza kwa makini, kisha akamwambia kwamba fomu haina sehemu ya maelezo.

Fundi Valentino ndiye aliyekuja kuripoti kazi.

"Shikamoo, mkuu. Kwa Mama Digna tumemaliza. Kebo mpya, breka mpya, na chuma cha ethi nimekichimbia futi sita."

"Ethi ndiyo nini?"

"Ethi, mkuu. Umeme ukivuja, ule waya unaupeleka chini, usimpige mtu."

"Kwenye Mwongozo hakuna ethi. Kuna ardhi."

"Si ndiyo hiyohiyo, mkuu? Ardhi ni huu udongo."

Bwana Remigius alimhurumia kwa dhati. Ndiyo hasara ya kuwaachia mafundi mambo ya kitaifa.

"Valentino, udongo ni wa mfinyanzi. Ardhi ni ya serikali."

Mama Digna, aliyekuwa amesimama mlangoni na beseni lake, alishindwa kuvumilia. "Yesu na Maria! Kwani nyumba yangu inaelea? Ipo nyumba gani Ifakara haijaungana na ardhi?"

"Hicho ndicho tunachotaka kithibitishwe kwa barua," alisema Bwana Remigius, na akafunga faili.

Kuna watu na viatu, jamani. Wiki ile samaki wa kwanza wakaingia kutoka Mofu, beseni nne. Friza moja ikawaka, nyingine ikakaa kimya kama kabati. Siku ya tatu Mama Digna akawamwaga perege shimoni, analia kwa hasira, na harufu ikavuka uzio hadi dirishani kwa Mkuu. Mkuu akatoa onyo la maandishi kuhusu harufu.

Basi mama akaenda Ardhi. Afisa mpimaji wa huko, dada mmoja anaitwa Omega, aliisoma fomu, akacheka mpaka akashika meza. Lakini barua huandikwa baada ya kupima, na kupima kuna foleni, kwa hiyo akaja na vyombo vyake wiki moja kabla ya Majivu. Bwana Remigius aliwaona kupitia dirisha, akafurahi kuona taasisi mbili zikishirikiana. Akaendelea kufurahi mpaka kamba ya kupimia ilipovuka uzio, ikapita korido, ikaingia ofisini kwake.

"Samahani, mkuu," alisema Omega, amepiga magoti. "Naomba uinue miguu. Jiwe la kiwanja cha mama huyu liko chini ya meza yako."

Mambo yakawa hadharani. Jengo lile lilikuwa ghala la mpunga la mzee Dionisi, baba mzazi wa Mama Digna. Aliwaazima wanaushirika, ushirika ukafa, mzee naye akafa, ofisi ikahamia, ikapigilia kibao. Hakuna aliyeuliza. Kwenye faili la Ardhi, nyumba na ofisi ni kiwanja kimoja, na mmiliki ni Digna.

Barua ikaletwa siku hiyohiyo, ina muhuri na kila kitu. Mama Digna akaiweka mezani. "Haya, nimeungana na ardhi. Nipe umeme."

Bwana Remigius aliisoma barua ile. Hakutetereka hata kidogo. Mtumishi aliyeiva hatetereshwi na ukweli.

"Hongera, mama. Ila sasa, kifungu cha kumi na mbili: kiwanja kimoja, laini moja ya njia tatu. Na ofisi nayo imeomba. Jumatano ya Majivu tunapokea mgeni kutoka makao makuu, na kiyoyozi hakiwezi kuendeshwa kwa njia moja. Maslahi ya umma kwanza. Wewe weka sahihi tu kwenye fomu yetu, hapo penye mmiliki."

Eveline, karani wake, aliinamisha kichwa kwa aibu. Mama Digna akamtazama Mkuu, akaitazama fomu, akaisoma yote kuanzia juu, taratibu, huku Mkuu akigongagonga kalamu. Kisha akaomba peni. Akaandika, akatia sahihi, akaondoka bila kuaga.

Mkuu akapiga muhuri palepale. Hakusoma, kusoma ni kazi ya karani. Na muujiza ukatendeka: kazi iliyokwama wiki mbili ikaisha kwa siku moja. Nguzo ikaja, kebo ikaja, kiyoyozi kikawekwa. Hata chuma cha ethi kilichimbiwa, na hakuna aliyekidai barua.

Jumanne asubuhi guta likasimama mlangoni. Juu yake friza mbili, nyuma yake Valentino na Mama Digna.

"Nini hiki?" aliuliza Bwana Remigius.

Eveline alifungua faili. "Matumizi ya jengo: kuhifadhi na kuuza samaki. Imejazwa na mmiliki, mkuu. Muhuri ni wako."

"Futa!"

"Kifungu cha kumi na tisa. Fomu iliyopigwa muhuri haifutwi."

"Basi waambie haiwezekani!"

"Kifungu cha ishirini. Jengo likikutwa linatumika kinyume cha fomu, umeme unakatwa na msimamizi anashtakiwa." Eveline alikohoa kidogo. "Uliandika wewe, mkuu. Kwa Kiswahili kizuri kabisa."

Friza zikaingia. Meza ya Mkuu ikasogezwa pembeni, ubavuni mwa friza ya pili, na kiyoyozi kikapuliza. Hadi jioni beseni sita za Mofu zilikuwa zimeganda, na masista walishatuma gari.

Kesho yake mgeni wa makao makuu akafika akitoka misani, majivu bado kwenye paji la uso, njaa ya mfungo imemkaba. Alizunguka ukumbi, akasifu ubaridi, akasifu usafi. Bwana Remigius akasimama, akanyoosha tai, akafungua mdomo atoe taarifa ya utekelezaji.

"Taarifa baadaye, kijana," alisema mgeni, akichungulia friza. "Hawa perege unauzaje?"

Bwana Remigius akamgeukia Mama Digna.

"Mpimie mgeni, mkuu," alisema Mama Digna, akimpa mfuko wa plastiki. "Na usimchagulie wadogo."