Yatima wa Kirua Vunjo

Siku Sirili alipomwona Khalid anafuta machozi, alijua riziki imefika. Khalid anauza vipuri vya pikipiki jirani na stendi ya Moshi, na hajawahi kumpunguzia mteja bei hata kwa bahati mbaya. Lakini asubuhi hiyo alikuwa ameinamia simu, anaangalia video ya punda aliyeokolewa shimoni, na kamasi zinamtoka. Sirili, mtu mwenye shati safi na kazi isiyojulikana, alisubiri mlangoni mpaka amalize kulia. Ana adabu zake.

"Kumbe una roho nyepesi," alimwambia. "Wanaokuita bahili wanakuonea."

Mchana uleule alishuka Mabogini, akampata mtamba aliyekondeshwa na ukame mpaka wenye bucha wakamkataa. Mwenyewe alimtoa kwa bei ya kuku, tena akashukuru. Sirili akampa jina la Yatima. Jina hilo peke yake lilikuwa nusu ya biashara.

Tatizo ni kwamba ng'ombe anakula, na Sirili hakuwa na mpango wa kulisha kiumbe chochote zaidi ya yeye mwenyewe. Basi akampandisha Kirua Vunjo kwa Mama Theopista, mjane ambaye zizi lake lilikuwa tupu. Kule mlimani, ng'ombe wa mtu kulelewa nyumbani kwa mwingine ni mambo ya tangu enzi za mababu. Mlezi anakata majani, anapata maziwa na mbolea ya migomba, na mwenye ng'ombe anabaki kuwa mwenye ng'ombe.

"Shikamoo mama. Nimekuletea yatima."

"Marahaba mwanangu. Huyu ni ng'ombe au ni turubai?" Theopista alimpapasa mbavu, machozi yakamlenga. "Maskini. Na akizaa, ndama ni wa nani?"

"Hilo tutaongea, mama."

Theopista hakubishana. Alikuwa ameshaenda kumkatia mgomba.

Huku mjini Sirili akaanzisha alichokiita Mfuko wa Huruma. Unamuasili Yatima, unatuma hela ya majani kila mwezi, unaletewa picha zake, na ndama wa kwanza ni wako. Khalid alijiunga kwa huruma, na aliposikia habari za ndama huruma ikazidi. Gladness, mwenye saluni, alianzia kwenye ndama moja kwa moja. Kila mmoja aliapishwa asimwambie mtu, kwa kuwa sadaka haitangazwi.

Tumwelewe Sirili. Hakuwa mwizi wa kuvunja milango. Yeye alikuwa anakaribishwa ndani.

Miezi ikaenda. Theopista akakata majani, Yatima akanenepa, picha zikatumwa, na mtu pekee ambaye hakutoka jasho akanunua viatu vipya. Yatima alipozaa, Sirili akaona hapo ndipo pa kukomea. Krismasi ilikuwa inakaribia, Wachagga wanarudi nyumbani toka kila kona ya nchi, na nyama haiulizwi bei. Angeuza mama na mtoto, apande basi la Dar kabla wazazi wa Yatima hawajajuana.

Alipofika Kirua alichungulia zizini. Yatima alikuwa anang'aa, ndama ananyonya.

Theopista akatoka na majirani wawili, mkono mmoja kata ya mbege, ile pombe ya ndizi, mkono wa pili jani la isale. Isale ni ule mmea wa mipaka ya vihamba, mashamba ya migomba ya Wachagga. Mtu aliyekosa akikuletea jani lake, hata awe ameua, hulikatai. Anayekataa anajitafutia laana, na laana ndiyo sheria pekee ambayo Sirili alikuwa hajawahi kuivunja.

"Mwanangu, nimekukosea. Naomba upokee."

Sirili akapiga hesabu. Ng'ombe yupo, ndama yupo. Labda bibi kampunja ndama maziwa.

"Mama, wewe utanikosea nini?" Akapokea jani, akanywa mbege. Majirani wakapiga makofi.

"Asante. Ng'ombe wako nimemgawa."

"Kwa nani?"

"Kwa hawa."

Nyuma ya migomba wakatokea Gladness na Khalid, Khalid na bakuli lake la mtori.

"Picha zako nzuri, kaka Sirili," alisema Gladness. "Kila moja ina mnara wa kanisa nililobatizwa. Nikamwonyesha Khalid, kumbe naye anazo."

Ule mnara Sirili aliuchagua mwenyewe, ili picha ziwe na baraka.

"Ng'ombe ni wao, kufidia hela zao, na mimi naendelea kumlea," Theopista alieleza. "Ndama ni wangu. Ulisema tutaongea. Tumeongea, wewe hukuwepo."

Sirili alitazama njia. Majirani walikuwa wamesimama hapohapo. Akatazama mkono wake. Jani bado analo. Tabasamu likarudi, akapiga magoti mbele ya Gladness, akamnyooshea.

Gladness alilitazama kwa uchungu mkubwa. "Shetani wewe," alisema taratibu, akalipokea, akamrudishia. Theopista naye akapokea, akarudisha. Sirili akijizuia kucheka, akamgeukia Khalid.

Khalid alimeza kwanza. "Mangi Sirili, babu yangu alitoka Pangani. Kwetu sisi hilo ni jani tu."

"Lakini hapa uko Uchaggani, ndugu yangu."

"Nimekuja kula. Na askari niliyemwacha pale barabarani ni Msukuma."

Sirili akashusha mkono. Jani likaangukia zizini, Yatima akalinusa, akageuza kichwa. Hata yeye hakulitaka.

"Hilo hali," Theopista alisema, akamkabidhi mundu. "Anayokula yako kule bondeni, na wewe ndiye utakayempandishia. Au nenda ukamsalimie askari."

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka Khalid aridhike."

Sirili akaangalia viatu vyake vipya, akaangalia mteremko, akamwangalia Khalid kwa macho ya kuomba apunguziwe kidogo.

"Si unanijua," alisema Khalid, akarudi kwenye mtori wake.